Mlango Wake wa Saa Sita

Chakula chake hakikuwa na chumvi. Naanzia hapo kwa sababu hata leo, sisi wanawake wachache tuliobaki wa rika lile, tukikaa pamoja baada ya ibada na mmoja akamtaja Madame, lazima mwingine atacheka na kushika pembe ya liputa yake, kile kitenge cha kujifunga kiunoni. Ndimo tulimokuwa tukificha chumvi. Ukialikwa kwa Madame ulifunga chumvi kidogo kwenye pembe, ukaingia na uso wa mtu aliyetoka kusali, na alipogeuka kuchukua maji, vidole vyako vilifanya kazi haraka juu ya sahani. Mume wake alikuwa na moyo mgonjwa na daktari alimkataza chumvi. Madame akaamua kwamba kama mmoja hali chumvi, nyumba nzima haili, ili asijione mgonjwa mezani pake mwenyewe. Tulidhani hajui lolote juu ya chumvi yetu ya pembeni.

Tulimwita Madame tu. Mjini walikuwapo Madame wengine wakati ule, wake wa Wabelgiji wa makampuni na wa maofisi, lakini hao walitajwa pamoja na majina ya waume zao. Wetu hakuhitaji kuongezewa kitu. Alikuwa mke wa misionere, na nyumba yao ilipakana na yetu huku upande wa Tshopo, mahali ambapo kukitulia unasikia maji ya mto yakianguka kule kwenye bwawa la umeme. Kilichotutenga ni ua wa maua mekundu, na ua wenyewe ulikuwa na tundu ambalo watoto wake na kuku wetu walilipitia kutwa nzima. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, mke wa mwalimu wa shule ya misheni, na mama mkwe wangu alikaa nasi. Yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba yetu, na baadaye kidogo katika nyumba ya Madame pia.

Sitaandika alikozaliwa wala ukoo wake, kwa kuwa sivijui vizuri. Ni nchi ya baridi, basi. Nataka kuandika jinsi nilivyomwona, na hasa juu ya mlango wake, maana mlango ule ulimnyima mama mkwe wangu raha kwa miaka mingi, na hapakuwa na mtu wa kumrudishia raha hiyo isipokuwa Madame mwenyewe.

Kiswahili alijifunza kwenye vitabu vya kanisa kabla hajapanda meli, kwa hiyo alifika kwetu akizungumza kama nabii. Mbuzi akiingia kwenye mboga zake, Madame alisimama barazani, akanyoosha kidole na kusema: "Ole wako, ewe mbuzi! Ondoka katika shamba langu, wewe na uzao wako!" Mbuzi alisimama kumsikiliza kwa heshima, kisha akaendelea kula. Watoto wake walizaliwa huku, au walifika wakiwa wadogo, nao walizungumza kama sisi. Walikuwa watatu: binti mkubwa mwenye kutulia, kijana wa kati ambaye hakutulia hata akiwa na homa, na kitinda mimba aliyebebwa mgongoni na kila mwanamke aliyepita.

Yule wa kati ndiye alikuwa mkalimani wake sokoni, na Mungu amsamehe. Siku moja nilikuwa nao kwa wauza samaki. Madame alisema kwa upole, kwa lugha yao, kwamba samaki yule ni mzuri, je, amevuliwa leo? Kijana akamgeukia mwenye samaki.

"Mama iko nauliza, samaki hii ilikufa leo ao ilikufa wakati ya babu yako?"

Mama wa samaki akaweka mikono kiunoni. "Ambia mama yako, hii samaki iko na adabu kuliko mutoto yake!"

"Amesema nini?" Madame akauliza.

"Anasema karibu, mama."

Naye Madame akainama kidogo na kujibu, "Asante sana," na soko zima likacheka. Alicheka pamoja nao, bila kujua wanachochekea, na kwa kicheko kile yule mama akamwongezea samaki. Ndivyo alivyokuwa. Hakuona haya kuwa mjinga mbele za watu. Wengine waliokuja kutufundisha hawakuwa na kipaji hicho.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani nasimulia habari za malaika. Alihubiri uvumilivu katika mkutano wa wanawake na kabla hatujafunga kwa sala alikuwa ameshatazama saa mara nyingi kuliko alivyotutazama sisi. Nyoka aliyeingia jikoni alimtoa kwa ufagio kama mtu anayefukuza vumbi, ila bata mzinga wa jirani walimfanya azunguke njia ndefu kwenda kanisani. Alipiga pasi hata matambara ya kufutia vyombo, halafu akalima pekupeku na kuingia ndani na udongo wote ule. Na alitukataza umbea. Alikuwa na somo zima juu ya ulimi. Ila jioni, mama mkwe wangu anapochambua sombe, yale majani ya muhogo, kwenye ua, Madame alikuja na kiti chake, akakaa, akasema: "Mama, nasikia yule fundi wa baiskeli ameoa mke wa pili?"

"Ee! Sasa unataka umbea?"

"Si umbea. Ni kwa ajili ya maombi."

"Haya, omba basi. Amemuoa, na yule wa kwanza amepasua radio."

"Radio gani?"

"Hiyo nayo ni ya maombi?"

Watoto wake walimwita mama mkwe wangu Koko, kama wasemao Kilingala wanavyomwita bibi. Bibi yao wa kuzaa alikuwa picha ukutani. Binti mkubwa aliniambia kwamba waliibusu ile picha siku za Krismasi, na kwamba kioo chake kilikuwa baridi. Nililikumbuka neno lile kila nilipomwona kitinda mimba amelala kifuani kwa mama mkwe, mate yakimtoka kwenye kanga. Watu waliona gari la misheni na nyumba ya matofali. Mimi, kupitia tundu la ua, niliona mwanamke aliyelea watoto bila mama yake, bila dada, bila shangazi wa kumpokea mtoto akilia. Binti mkubwa alipofikisha umri wa kwenda shule ya bweni, mbali sana, mashariki kwenye milima, Madame alimfunganyia sanduku huku akiimba. Lori la kupitia Bafwasende lilipoondoka naye, Madame akaingia kwenye banda letu la kuku, akajifungia humo, akalia. Mama mkwe akanizuia nisimfuate. "Kwake hana pa kulilia," alisema. "Kule kila mutu anamuangalia. Acha alie na kuku."

Kila mwaka makanisa ya kwao yaliwatumia pipa la vitu kwa mashua ya mto. Mapipa yale yalikuwa furaha yetu sote. Ndani mlikuwa na sabuni, dawa, sindano, na daima soksi za sufu, nene kama blanketi, kwa sababu akina mama wa kule hawakuamini kwamba ipo nchi ambayo mguu hausikii baridi. Madame hakutupa hata moja. Alitugawia zote kwa uso mzito kabisa, nasi tukazitumia kushikia sufuria za moto. Pipa lenyewe alililaza juu ya matofali nyuma ya nyumba, akalizungushia udongo, likawa tanuri la mkate. Jumamosi harufu ilifika hadi mtoni. Mkate huo nao haukuwa na chumvi, lakini ukiwa wa moto ulisamehewa.

Na walikuwa na desturi moja mezani ambayo sijaiona kwa watu wengine. Baada ya kushukuru kwa sala, kila mtu, kuanzia Misionere hadi mtoto mdogo, alitakiwa kusema asante moja ya siku ile. Akishasema asante, aliruhusiwa kutoa lalamiko moja. Bila asante, hakuna lalamiko. "Asante kwanza," Madame alisema, na hata nje ya meza, ukimwendea na shida, aliinua kidole: "Asante kwanza." Wapo walioliona ni jambo la kuudhi. Mimi limenilea. Nimezika mume na watoto wawili, na kila mara nimeanzia hapo, wakati mwingine kwa meno yaliyokaza.

Sasa mlango.

Walipofika, Madame alikuwa na kengele ndogo. Saa sita aliipiga, familia ikaingia, mlango ukafungwa kwa komeo. Barazani palikuwa na benchi, na yeyote aliyefika wakati huo, awe mzee wa kanisa au mgonjwa au mgeni kutoka Isangi, alikaa kwenye benchi na kungoja hadi wamalize kula. Walisikia vijiko. Walisikia watoto wakicheka. Watu wa mtaa waliita benchi lile Toharani, kwa kejeli, maana hata Wakatoliki wa jirani walikaa hapo. Kunung'unika kulikuwapo, ila hakuna aliyemwambia. Ni mzungu, watu walisema, ndivyo walivyo.

Siku ile mama mkwe wangu alikuwa amepika ngolo, yule kambare mkubwa, na pilipili na majani ya kunukia, na alimpikia Madame kwa sababu kitinda mimba alikuwa amepona malaria. Alibeba chungu kichwani akapita njia kuu, si tundu la ua, kwa kuwa zawadi haipitishwi tunduni. Alikuta mlango umefungwa. Akabisha hodi. Sauti ya Madame ikajibu kutoka ndani, kwa heshima na kwa Kiswahili safi: "Tafadhali ungoje, tunakula."

Alikaa kwenye benchi na chungu mapajani. Mchuzi ulipoa, mafuta yakaganda juu. Hapo mama mkwe akasimama, akajitwika chungu chake na kurudi nacho nyumbani kwa njia ile ile, mbele ya watu wale wale. Kwetu, chakula ulichompelekea mtu kikirudi kichwani mwako, kila anayekuona anajua umekataliwa. "Koko, hawakutaka?" watu waliuliza. Alifika, akaweka chungu chini, akasema tule. Hakuna aliyeweza kula.

Jioni Madame akaja na kiti chake kama kawaida. Mama mkwe hakumtazama.

"Mama, nimekosa nini?"

"Bon. Miye naye nitakuuliza. Kwetu, mutu anayefunga mulango juu ya kula, ni mwizi ao ni mulozi. Wewe ni gani?"

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mulozi ni mchawi, na aliyekuwa akiambiwa hivyo alikuwa mke wa misionere. Uso ulimwiva Madame. Kisha akasema polepole kwamba mchana kutwa watoto wake ni wa watu wote, na baba yao ni wa watu wote, na saa ile moja tu alitaka wawe wake.

Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa haki. Akaacha sombe, akapangusa mikono.

"Nimesikia. Uchungu yako ni ya kweli. Lakini mwanangu, munatuambia Bwana anakaribisha batu ku meza yake. Sisi hatusomi mingi. Tunaangalia meza yako."

Kesho yake, kabla ya saa sita, nilisikia kugongagonga. Nikachungulia kupitia tundu. Madame alikuwa amepiga magoti mlangoni na bisibisi ya mumewe, anang'oa komeo. Alilitupa kwenye ndoo ya misumari. Kuanzia siku ile mlango ulikaa wazi wakati wa kula, na mezani palikuwa na sahani moja zaidi kwa yeyote atakayepita. Wakapita wengi. Mkate ulikwisha kabla ya Jumatatu. Kijana wa kati, zamu yake ya kusema ilipofika, alisema: "Asante, kuna samaki. Lalamiko, kuna watu." Mume wangu alikuwa mgeni siku hiyo na alicheka hadi akapaliwa. Madame hakucheka. Alimwambia mwanawe, "Lalamiko limesikiwa," akamwongezea samaki yule mgeni. Najua lilimgharimu. Saa ile hakuipata tena.

Uhuru ulipokuja, wazungu wengi walifunga mizigo. Magari yalijaa magodoro, mbwa waliachwa. Kila mtu alijiuliza kama watu wa misheni nao watakwenda, kwa sababu shule ni yao, zahanati ni yao, na waume zetu ndio walimu na wauguzi wao. Hatukuweza kuuliza wazi. Basi tukatazama kamba yake ya nguo. Mtu anayesafiri haloweki mashuka. Asubuhi mama mkwe alitoka, akanyoosha shingo juu ya ua, akarudi na kututangazia kama redio: "Mashuka iko inje. Wanabaki." Nadhani Madame alijua hata hilo, maana wiki zile alifua kuliko wakati wowote, vitu safi akavifua tena, mapazia, hata zile soksi za sufu, zikaning'inia kwenye jua la Kisangani mstari mzima.

Walibaki. Kisha uasi ukafika.

Siandiki habari za vita. Wapo waliozijua vizuri zaidi, na siandiki kana kwamba wageni peke yao walikufa. Mdogo wa mume wangu aliuawa mbele ya ofisi kwa sababu alivaa miwani na tai. Tulizika wetu bila kuimba. Nitasimulia tu niliyoyaona kwenye ua.

Waasi waliwakataza wazungu kutoka majumbani, na sisi tukaacha kwenda kula kwao kwa hofu, tukawapitishia chakula tunduni: lituma, yaani ndizi za kupondwa, sombe, samaki tulipompata. Misionere alikuwa amekonda. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo binti mkubwa alikuwa nyumbani. Kengele ikaendelea kulia saa sita, na mlango ukaendelea kuwa wazi. Mume wangu alimwambia Madame kupitia ua, "Madame, funga mlango siku hizi." Akajibu, "Nilishang'oa komeo, mwalimu." Kama vile komeo haliwezi kurudishwa.

Walikuja wakati wa kula. Vijana wenye silaha, majani na ngozi za wanyama vichwani. Mimi na mama mkwe tulikuwa kwenye ua tukawaona wanapanda barazani na kuingia moja kwa moja, bila hodi, bila hata kusukuma kitu. Walikaa ndani muda mfupi. Hatukusikia kelele. Walitoka na Misionere katikati yao, na leso ya mezani ingali shingoni mwake. Hakurudi.

Mama mkwe aliketi chini palepale kwenye ua. Akasema neno moja ambalo alikuja kulisema tena na tena miaka iliyofuata: "Ni miye nilifungua ule mulango."

Hatukuweza kumwendea Madame. Waliweka mlinzi barazani kwake, mmoja wa vijana wale, bado kama mtoto. Binti mkubwa aliruhusiwa kuja tunduni kupokea chakula, na yeye ndiye aliyetusimulia. Kesho yake saa sita, mama yake alipiga kengele. Aliweka sahani ya baba na akaweka sahani ya mgeni. Kisha akaenda mlangoni, akamwambia yule mlinzi aache bunduki nje, anawe mikono, aje. Kijana akaja. Akaambiwa desturi ya meza. Akasema asante kwa sombe. Kwa lalamiko, akasema mama yake yuko Isangi na hajui kama anaishi. Madame akasema, "Lalamiko limesikiwa," akamwombea mama huyo. Kijana alilinda nyumba hiyo hadi mwisho, na hakuna aliyeigusa.

Baadaye ndege zikaja na askari wa kigeni wakashuka. Risasi zilitulaza sakafuni, na tulipoinua vichwa Madame na watoto walikuwa wamepakiwa kwenye lori la uwanja wa ndege. Hatukuagana. Nilikwenda kwenye nyumba yao na kukuta mlango wazi na unga umemwagika kando ya tanuri. Nilichukua kengele ili isiibiwe.

Mama mkwe naye akaanza kufunga mlango. Yeye, aliyelea mtaa mzima! Saa ya kula alikwenda mwenyewe, akashindilia komeo, ndipo akaketi. Watu walioona walidhani ni woga wa vita, na kwa kweli nyumba nyingi zilikuwa na woga huo. Mimi nilijua si woga. Mume wangu alimsomea Maandiko, mchungaji akaja kumwombea. Aliitikia amina zote, akafunga mlango. "Muliniambia Mungu anasamehe," alisema. "Sawa, nimesikia. Lakini yule mwanamuke? Yeye anasemaka nini?" Habari za Madame zilitufikia kwa watu wa misheni, kwamba yuko kwao, kwamba watoto wanasoma, kwamba anawasalimu wote. Hiyo "anawasalimu wote" haikuwa jibu.

Ikapita miaka. Mji ukabaki na jina letu tu, Kisangani, lile la wageni likaondoka. Mama mkwe akazeeka, macho yakafifia, damu ikawa inapanda, na daktari akamkataza chumvi. Jioni ile mume wangu alisema bila hata kufikiri, "Basi hakuna anayekula chumvi nyumba hii." Nikaona jinsi mtu anavyoweza kuondoka na bado akaendelea kukupikia.

Tulitangaziwa kanisani kwamba Madame anakuja kututembelea na kwamba atasalimu Jumapili. Wanawake walianza kupanga nyimbo. Mama mkwe akaendelea kushindilia komeo lake. Ijumaa saa sita tulikuwa mezani, sisi watatu, mlango umefungwa kama kawaida. Lituma ilikuwa moto, na kambare. Tukasikia mtu anapanda barazani, polepole, mguu baada ya mguu, kisha benchi letu likalia kwa uzito.

"Ni nani huyo?" mama mkwe akaita.

Sauti ikajibu kutoka nje: "Ni mtu wa kungoja. Malizeni kula kwanza, Mama. Mimi sina haraka."

Kijiko kilinitoka. Nilifungua mlango na huyo hapo, nywele nyeupe kabisa, amekaa kwenye benchi na mkoba magotini kama mgonjwa wa zahanati, na kando yake mwanamke mrefu ambaye ilinibidi nimtazame sana kabla ya kumwona ndani yake kitinda mimba aliyelala kifuani kwa Koko. Madame alikuwa na uso mzito wa siku za soksi. Halafu ukamshinda, akacheka, na mimi nikalia.

Waliingia, wakanawa. Mama mkwe alimshika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa. Madame akaonja kambare. Akatazama kushoto na kulia. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akafungua pembe yake. Chumvi.

"Ulijua!" nikapiga kelele.

"Toka mwezi wa kwanza. Mkiondoka, nani alifagia chini ya meza?"

Tulicheka hadi majirani wakaja kuchungulia dirishani. Mama mkwe hakucheka. Aliinua kidole, kile kile cha Madame, na meza ikanyamaza.

"Asante kwanza," alisema. "Asante, umerudi na miye ningali muzima. Sasa malalamiko. Ni miye nilikuambia ufungue mulango. Walipita ku ule mulango wakamukamata bwana yako. Kila siku ninaula huo mulango pamoja na chakula. Sema basi. Sema kila kitu, usinionee huruma."

Madame aliweka mkono mezani juu ya mkono wake. Alichukua muda, maana Kiswahili chake kilikuwa kimelala miaka mingi.

"Mama, mlango ule wangeuvunja. Nyumba nyingine walivunja. Watoto wa nyumba hizo, mpaka leo, wanaamka na kelele za mlango." Alimtazama binti yake. "Wangu hawana kelele hiyo. Wale vijana waliingia, na mume wangu alikuwa ameshika kijiko. Akatazama, akaona ni wageni. Akawaonyesha ile sahani. Akawaambia, 'Karibu.' Basi. Wakamchukua. Neno lake la mwisho katika nyumba yangu ni hilo. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii, na ni wewe uliyenipa. Mimi nimekuja huku nikukute wewe unafunga? Bila mlango ule wazi, leo ningekuwa na nini?"

Binti akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha utoto wake, "Koko, mi nakumbuka. Alisema karibu."

Machozi yalimshuka mama mkwe na hakuyapangusa. Sisi wengine hatukuthubutu kugusa chakula. Mwisho akavuta pumzi, akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekosa miaka yote ile.

"Mama Mwalimu! Juu ya nini munafunga mulango na hii joto yote?"

Nilisimama, nikaufungua hadi ukagonga ukuta. Mwanga ukaingia na kelele za barabara pamoja nao. Mama mmoja alikuwa akipita na beseni la kwanga, ile mikate ya muhogo, kichwani, mtu ambaye sikumjua. Mama mkwe alimsikia akitangaza bidhaa yake, akapaza sauti, ile ya zamani: "We mama wa kwanga! Tua muzigo, kuya kula!"

Yule mama alisita, akatutazama, akatua beseni kizingitini. Aliingia, akanawa, akapewa sahani, akamega lituma na kuchovya kwenye mchuzi. Akatafuna. Nikaona macho yake yakizunguka mezani kwa adabu, yanatafuta kitu asichotaka kukiuliza.

Madame akamsogezea kitambaa chake.